Ubuyu wako unaruhusiwa Ulaya? Ubuyu upi?

Watu hunipigia simu: "Dada, ubuyu unaruhusiwa Ulaya?" Nami huuliza kwanza, ubuyu upi? Wa unga, au ule mwekundu wa kumung'unya? Kwetu wote ni ubuyu. Kwenye karatasi za kibali ni vitu viwili visivyojuana.

Anza na unga, ndio wenye njia fupi. Umoja wa Ulaya unahesabu kuwa "chakula kipya" kitu chochote ambacho hakikuwa kikiliwa kwa wingi huko kabla ya tarehe 15 Mei 1997. Bibi yangu alilelewa kwa uji wa ubuyu, lakini hakulelewa Ulaya. Unga wa ubuyu ulipewa kibali mwaka 2008, na chini ya sheria iliyoanza kutumika Januari 2018 umo kwenye orodha ya Umoja ambayo msindikaji yeyote anaweza kuitegemea. Huombi upya, mradi unga wako ufanane na ule ulioandikwa. Tafuta Adansonia digitata, jina la kisayansi la mbuyu, kwenye orodha, chapisha sehemu hiyo, uende nayo maabara na uwaambie wapime hivyo hivyo: unyevu, uchafu na vingine vilivyotajwa pale. Cheti kisichotaja vipimo hivyo kafungie karanga.

Sampuli itoke kwenye magunia yatakayosafiri, siyo ile kilo uliyoichekecha kwa ajili ya maonyesho. Mimi kabla ya kulipa maabara hukamata unga kwa ngumi. Nikifumbua kiganja nikakuta donge lenye alama za vidole, mzigo unarudi kukaushwa.

Marekani wana utaratibu wao. Mwaka 2009 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya huko, ilijibu kwamba haina maswali kuhusu hoja ya waliopeleka taarifa kwake kuwa unga wa ubuyu ni salama katika vinywaji vya matunda, usizidi asilimia 10, na katika vipande vya nafaka na matunda vilivyoshikanishwa pamoja (bars), usizidi asilimia 15. Soma tena: vinywaji, na vipande. Mnunuzi akikwambia anautia kwenye aiskrimu, muulize anategemea hoja gani ya usalama, na akujibu kwa maandishi. Kiwanda chako nacho kisajiliwe FDA, uwe na wakala aliye Marekani, usajili uuhuishe kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, Oktoba hadi Desemba, na kila mzigo utanguliwe na taarifa kwa FDA.

Sasa ule mwekundu, ulionitia hasara. Nilipeleka kilo 40 Marekani, rangi nimenunua dukani kama siku zote. Mzigo ukazuiliwa. Nyuma ya kopo la rangi, kwa maandishi ya kuhitaji miwani, kulikuwa na namba 124. Rangi hiyo Marekani haikubaliki kwenye chakula. Ulaya inaruhusiwa kwa baadhi ya vyakula na kwa viwango, lakini lebo lazima iwaonye wazazi kwamba inaweza kuathiri utulivu na umakini wa watoto. Onyo hilo linazihusu rangi namba 102, 104, 110, 122, 124 na 129. Namba 129 Marekani wanaiita Red 40 na wanaikubali, ila kila toleo liwe limepimwa na kuthibitishwa na FDA. Rangi ya kupimiwa kijiko dukani haina hicho cheti, hata ikiwa nyekundu kuliko damu.

Halafu kuna mbegu. Kibali cha Ulaya kinataja unga uliotenganishwa na mbegu, na ubuyu wa kumung'unya mbegu imo ndani. Usibahatishe. Sheria inakuruhusu kuiuliza mamlaka ya nchi utakayoingizia bidhaa kwanza kama bidhaa hiyo inahesabiwa chakula kipya. Eleza unavyotengeneza hatua kwa hatua. Mimi niliambatanisha picha tatu: tunda zima, mbegu zikiwa na unga wake, na ubuyu uliokwisha kupikwa na sukari. Afisa alirudisha swali moja: mlaji anaimeza mbegu au anaitema?