Kabla ya kununua tyubu ya kupaka kidonda chenye usaha

Kidonda kikianza kunuka au kutoa maji, wengi wetu tunakimbilia duka la dawa: "Nipatie ya kukausha kidonda." Kabla hujatoa hela, kiangalie penye mwanga wa kutosha. Karibu kila kidonda kilicho wazi kina bakteria, lakini si kila kimoja kimeambukizwa. Kisichoambukizwa kinahitaji kuoshwa na kufunikwa, si antibiotiki.

Maambukizi huleta usaha, uvimbe, joto, na maumivu yanayozidi. Wekundu hujificha kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo gusa pembeni mwa kidonda kwa mgongo wa kiganja, halafu, kama kidonda kiko mguuni, gusa mahali hapo hapo kwenye mguu wa pili. Ukisikia joto, zungushia uvimbe mstari wa kalamu. Kesho uvimbe ukiwa umevuka mstari, au homa imepanda, au mtoki umetokea kinenani, achana na tyubu uende hospitali.

Pima sukari. Hili nalisema kwa uchungu. Mjomba wangu alikaa wiki tatu akifungua kapsuli za rangi mbili na kunyunyizia unga wake kwenye kidonda cha kisigino. Unga uliganda ukawa gamba, usaha ukabaki chini yake, naye hakusikia maumivu kwa sababu kisukari kilishaua hisia za mguu. Kidonda cha mguu cha mwenye kisukari kikiambukizwa ni cha kuonwa na daktari siku hiyo hiyo.

Kidonda kingine kilichoambukizwa kikiwa kidogo na cha juu juu, ndipo dawa ya kupaka ina kazi. Mupirosini ya asilimia 2 hupambana vizuri na bakteria wa kawaida wa ngozi. Hupakwa mara tatu kwa siku, isizidi siku 10. Mwenye figo mbovu asiipake kwenye kidonda kikubwa kilicho wazi. Asidi ya fyusidi nayo ni nzuri, ila ukiitumia muda mrefu bakteria huizoea. Krimu ya silva salfadiazini hutumika zaidi kwa majeraha ya moto. Kama Septrin, ambayo nayo ina salfa, iliwahi kukutoa vipele, mwambie mfamasia kabla hajakupa, na mjamzito aliyekaribia kujifungua aseme pia. Neomaisini huwasha ngozi za baadhi ya watu, wakadhani kidonda kimezidi.

Soma maandishi ya tyubu. Zile za "tatu kwa moja" zinazopendwa sana madukani mara nyingi zina betamethasoni, ambayo ni steroidi: inapunguza wekundu, unadhani unapona, kumbe inadhoofisha kinga ya ngozi na kuchelewesha kidonda kufunga.

Kidonda kisichouma, chenye kingo zilizochimbika kwa ndani, huenda ni cha Buruli, ugonjwa wa bakteria wanaokula ngozi, wenye jina lililotoka Uganda. Hicho hutibiwa kwa vidonge vya antibiotiki kwa wiki 8.

Na ukiwa kituo cha afya, ulizia sindano ya pepopunda.