Kubadilisha taa ya nje yenye sensa: angalia waya zilizopo kabla hujanunua taa

Watu wengi wananunua taa ya sensa, ile inayowaka yenyewe mtu akipita, kwa kuangalia sura na mwanga wake, halafu wakifika ukutani wanakuta waya zilizopo haziendani na taa waliyobeba. Fanya kinyume. Fungua ile ya zamani kwanza, ujue kuna waya ngapi na kila moja inafanya kazi gani, ndo uende dukani. Kupasua ukuta ili upitishe waya mpya ni kazi kubwa na mara nyingi haihitajiki kabisa ukichagua taa inayokubaliana na ulichonacho.

Kabla ya kugusa chochote zima breka ya hiyo laini, sio swichi ya ukutani tu, maana swichi inaweza kuwa imefungwa kwenye nyutro (waya unaorudisha umeme) badala ya laivu (waya unaouleta), hapo taa inazimika vizuri tu lakini umeme bado upo pale juu unakusubiri. Ukishazima, pima. Testa ya bisibisi yenye kitaa ndani usiitegemee peke yake, inaweza isiwake na umeme upo. Tumia mita ya kupimia umeme au testa ya ncha mbili: ijaribu kwanza sehemu unayojua ina umeme, pima waya zako, halafu irudishe tena pale penye umeme uhakikishe haijafa katikati ya kazi. Na kama sheria za unapoishi zinataka kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni, basi mwite fundi.

Ukifungua taa ya zamani piga picha kabla hujachomoa waya hata mmoja. Rangi zinasaidia ila usiziamini sana: kwa mfumo wa sasa wa Ulaya kahawia ni laivu, bluu ni nyutro, kijani na njano ni ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini), lakini waya za zamani za Kiingereza zilikuwa nyekundu laivu na nyeusi nyutro, na Marekani nyeusi ndo laivu, nyeupe nyutro. Kwa hiyo nyeusi peke yake haikuambii kitu, mita ndo inakuambia.

Ukikuta laivu inayotoka kwenye swichi na nyutro tu, taa yoyote yenye sensa ndani yake itafanya kazi, sharti ni moja, swichi ibaki imewashwa muda wote kwa sababu sensa nayo inakula umeme ili ione. Weka kifuniko juu ya swichi au andika pembeni yake "usizime", la sivyo kila siku kuna mtu atazima. Kama swichi yenyewe ni dima, yaani ya kupunguza na kuongeza mwanga, ing'oe uweke ya kawaida, sensa na dima haviendani.

Sehemu inayosumbua watu ni pale taa moja yenye sensa inawasha na nyingine ya pili isiyo na sensa. Angalia terminali (sehemu za kufungia waya) za ile sensa ya zamani, utaona L, N, na ya tatu ambayo ni L yenye alama ndogo au mshale unaotoka nje. Hiyo ya tatu ndo inapeleka umeme kwenye taa ya pili. Sasa taa nyingi mpya za LED zenye sensa ndani hazina hiyo njia ya kutoka, ukizifunga utajikuta taa ya pili haiwaki kabisa, au ukiunganisha waya wake kwenye laivu inawaka usiku na mchana. Una njia mbili: tafuta taa ambayo kwenye mchoro wake ina terminali ya kutoa, au uweke taa ya sensa pande zote mbili, ule waya uliokuwa unatoka kwenye sensa uuhamishie kwenye laivu ya kudumu na kila taa ijitegemee. Mimi napenda ya pili, maana kila upande unawaka pale mtu anapopita upande huo.

Ethi kama haipo, usinunue taa ya chuma inayoitaka, na usithubutu kuunganisha ethi na nyutro ili tu mambo yaende. Chukua yenye alama ya mraba ndani ya mraba, hiyo imetengenezwa kufanya kazi bila ethi.

Waya zikiwa fupi, ongeza kipande kwa konekta, na kiungo kikae ndani ya boksi au ndani ya taa, sio kwenye tundu la ukuta. Taa za zamani za halojeni zilikuwa na joto sana, kwa hiyo mpira wa waya karibu na holda mara nyingi umekauka na unapasuka ukiukunja. Kata mpaka ufike kwenye mpira mzima.

Angalia namba ya IP kwenye taa, inaonyesha inavyozuia maji na vumbi: kwa sehemu inayopigwa na mvua moja kwa moja chukua IP65, chini ya paa IP44 inatosha. Silikoni ya kuziba pitisha juu na pembeni ya taa inapogusana na ukuta, chini acha wazi ili maji yakiingia yapate pa kutokea. Kuifunga mita 2 hadi 2.5 kutoka chini ni vizuri, na sensa ikae mahali mtu anakatiza mbele yake, kwa sababu inamwona vizuri anayepita pembeni kuliko anayeijia moja kwa moja. Isielekezwe kwenye kitu kinachotoa joto, kama mashine ya AC.

Ukiwasha breka taa inaweza kuwaka yenyewe kama dakika moja, hiyo sensa inaamka tu. Jaribu mchana kwa kuweka kitufe cha mwanga kwenye alama ya jua na muda mfupi kabisa, tembea uone inakushika wapi. Jioni ndo ukirudishe taratibu kuelekea mwezi. Ikiwa inawaka na kuzima bila mtu, punguza usikivu kwanza, kisha angalia kama mwanga wake wenyewe unagonga ukuta mweupe na kurudi kwenye sensa.