Kabla Hujaenda Kuonyesha Uvimbe wa Titi

Mama mdogo aliugusa uvimbe wake akioga, akanyamaza nao miezi minne. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa upole: "Mwanangu, ulikuwa hauniumi." Jibu hilo nimelisikia tena na tena hapa Busia, upande wetu wa Uganda, kwa akina mama wa sokoni na kwa wake wa madereva wa malori, na kila mara moyo hunidunda, kwa sababu saratani ya titi inapoanza kwa kawaida haiumi. Haya nayaandika kwa ajili ya mwanamke aliyegusa kitu jana usiku na bado hajamwambia mtu.

Kwanza andika tarehe, hata kama ni nyuma ya daftari la mtoto. Shirika la Afya Duniani linataka mwanamke apate jibu kamili ndani ya siku 60 tangu afike kwa mhudumu wa afya mara ya kwanza, na usipoandika tarehe siku hizo zitakuponyoka. Kisha simama mbele ya kioo. Kama bado unapata hedhi, jipapase siku chache baada ya kumaliza, titi likiwa limelegea. Uvimbe mgumu, ngozi iliyobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani na zamani haikuwa hivyo, chuchu inayotoa damu, tezi kwapani: lolote kati ya hayo linatosha kukutoa nyumbani. Uvimbe mwingi wa titi si saratani, hasa kwa wasichana, ila hakuna awezaye kuutenganisha kwa mkono tu, hata daktari. Na mama anayenyonyesha aliyeambiwa ni jipu, akamaliza dawa na jipu lisiishe, arudi haraka. Asingoje mtoto aache ziwa.

Yako maswali yanayomfunga mtu miguu. Sidiria haileti saratani, wala hakuna ushahidi kwamba pesa na simu tunazoficha kifuani zinaileta. Haiambukizi. "Kwetu hakuna aliyewahi kuugua" si kinga, maana zinazotokana na kurithi ni kama 5 hadi 10 katika kila wagonjwa 100. "Mimi bado kijana" pia si kinga, kwani hapa Uganda wengi hugunduliwa kabla ya miaka 50. Wanaume nao huipata, ingawa ni wachache sana. Kunyonyesha hupunguza hatari, pombe huiongeza. Na anayekuambia umerogwa, msikilize kwa heshima kama ni mzee wako, lakini safari usiiahirishe.

Siku ya kwenda, vaa sketi na blauzi. Gomesi ni vazi la heshima, lakini kulifungua na kulifunga tena mbele ya watu watatu wa chumba cha vipimo kunachosha na kunaaibisha bure. Usijipake poda wala mafuta kifuani na kwapani, kwa sababu kwenye mamogramu, yaani picha ya eksirei ya titi, yanaweza kuonekana kama vidoa. Ukiwa na umri mdogo huenda ukapewa altrasaundi badala yake, nayo ni sawa, kwa kuwa titi la kijana limeshikana na mamogramu hailioni vizuri. Beba kitambulisho cha taifa, au karatasi zako za ukimbizi kama ndizo ulizo nazo, barua ya rufaa kutoka kituo cha afya, na dawa zote unazotumia, zile za virusi vya Ukimwi zikiwemo. Virusi havikunyimi haki ya kutibiwa saratani, ila daktari lazima ajue ili dawa zisigombane. Taja na miti shamba. Kumbuka siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, maana mimba haifuti matibabu bali hubadilisha mpangilio wake.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniumiza mpaka leo. Mama mdogo alipokubali kwenda, alikwenda klinki iliyo karibu. Walimfanyia upasuaji mdogo, wakautoa uvimbe, wakamshona, akarudi nyumbani akishukuru Mungu. Kile kinyama kilitupwa. Hakuna aliyekipeleka maabara, na sisi hatukujua kwamba kilipaswa kwenda. Mwaka uliofuata uvimbe ulirudi palepale, na mwingine kwapani, nasi tukaanza upya tukiwa tumechelewa.

Kwa hiyo kabla mtu yeyote hajakushika na kisu, uliza: kinyama hiki kinaenda maabara gani, na majibu nitayachukua lini? Asiyeweza kukujibu, mshukuru, uondoke. Uliza pia kama wanaweza kuchukua kinyama kwa sindano nene kwanza, kabla ya kutoa uvimbe wote, kwa sababu majibu huamua kama utaanza na upasuaji au na kemo, zile dawa kali za kuua saratani. Wengi huogopa kwamba sindano au kisu "kitaamsha" saratani na kuisambaza. Kuchukua kinyama hakusambazi ugonjwa. Hofu hiyo imekua kwa sababu watu wengi walifika kwa daktari ugonjwa ukiwa tayari umesambaa, wakapasuliwa, wakafariki, na lawama ikabaki kwa kisu.

Katika hospitali za mikoani mara nyingi utapewa kichupa mkononi ukipeleke mwenyewe maabara. Hapo kuwa macho. Kinyama kinatakiwa kiwe ndani ya formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, si maji ya kawaida wala ya chumvi, na kichupa kiandikwe jina lako, tarehe na saa. Kipeleke siku hiyohiyo au kesho yake. Kwa vipimo vya saratani ya titi inapendekezwa kinyama kikae kwenye formalini kati ya saa 6 na 72. Kikikaa wiki nzima juu ya kabati, majibu yanaweza kupotosha.

Majibu yenyewe yakitoka, usiridhike na neno "saratani" peke yake. Omba wapime kama uvimbe una vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni, na kama una HER2, protini inayouharakisha uvimbe kukua. Hayo matatu ndiyo yanayoeleza kwa nini jirani yako anameza tamoksifeni, dawa ya kuzuia homoni, kila siku kwa miaka 5 na wewe huandikiwi. Chukua nakala, ipige picha kwa simu, umtumie ndugu unayemwamini.

Kuhusu pesa, hospitali za serikali hazitozi ada tangu 2001, isipokuwa wadi za kulipia, lakini vipimo na dawa zinazokosekana utanunua nje, kwa hiyo usifike mikono mitupu. Taasisi ya Saratani ya Uganda iko Mulago, Kampala, tangu 1967, na sasa matibabu yamesogea hadi Mbarara na Gulu. Wengine wangali wanasema mashine ya mionzi ilikufa. Ilikufa kweli 2016, nayo ilikuwa moja tu nchini. Mpya ilizinduliwa Januari 2018, na nyingine zikaongezwa baadaye. Kutoka kwetu hadi Mulago ni karibu kilomita 200, na mionzi hufanywa siku nyingi mfululizo, hivyo tafuta mapema pa kulala. Atakayekusindikiza ndiye atakayekuogesha na kukupikia: besheni, chupa ya chai, shuka na blanketi ni juu yenu. Mchague mtu asiyelia haraka na anayejua kuuliza. Ukiwapata wanawake waliotibiwa wakapona, wale wa kikundi cha UWOCASO kwa mfano, kaa nao.

Kemo hutolewa kwa awamu, mara nyingi kila baada ya wiki tatu. Nywele zinaweza kunyonyoka, nazo huota tena. Mimi ningekuombea kitu kimoja kidogo kwenye mkoba: kipimajoto. Joto likifika 38 wakati uko kwenye kemo, usimeze Panadol ukalala. Damu yako wakati huo haina askari wa kutosha, na homa inaweza kuua kwa siku moja. Nenda hospitali usiku huohuo, uwaambie mlangoni kwamba uko kwenye kemo. Kwa hiyo kabla ya awamu ya kwanza, pata namba ya simu ya mtu wa boda boda anayekubali kuamshwa saa nane za usiku, na mama mkwe au jirani atakayebaki na watoto.