Kuoanisha tarehe ya saa ya maunzi kati ya U-Boot na Linux

Ubao wa kompyuta unaowashwa na U-Boot (programu inayopakia mfumo wa uendeshaji) kisha ukaendeshwa na Linux una wasomaji wawili wa chipu moja ya saa (RTC), na chipu hiyo haijui saa za eneo, na mara nyingi haijui karne. DS1307, kwa mfano, huhifadhi tarakimu mbili tu za mwisho za mwaka, na karne hukisiwa na anayeisoma. Kwa hiyo amua kwanza kwamba chipu itashika UTC (saa ya marejeo ya dunia nzima), na usiruhusu upande wowote uandike kitu kingine.

Anzia kwenye Linux, saa ya mfumo ikiwa sahihi. Toa amri `timedatectl` na uhakikishe kwamba mstari wa `RTC time` unalingana na ule wa `Universal time`. Ukikuta `RTC in local TZ: yes`, toa amri `timedatectl set-local-rtc 0`; pasipo na systemd (programu inayosimamia huduma za Linux, ambayo `timedatectl` ni sehemu yake), tumia `hwclock --systohc --utc`, ambayo pia huandika neno UTC katika faili la `/etc/adjtime`.

Kisha washa ubao upya, usimamishe U-Boot kabla haijapakia keneli (kiini cha Linux), na uandike `date`. Kwa aliyeko Nairobi au Dodoma, jibu litakuwa nyuma ya saa ya ukutani kwa saa 3, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Wengi huharibu kazi hapa: huona saa "imechelewa", wakaongeza 3, na Linux ikiwaka huongeza 3 nyingine. (Tofauti ikiwa ya saa 6, usiilaumu mashine, yaelekea kuna mtu aliyeandika saa mbili asubuhi kuwa 02:00.) Ikiwa ni lazima uweke saa ukiwa ndani ya U-Boot, tarehe 15 Machi 2024, saa 09:05 za Nairobi, huandikwa `date 031506052024.00`, yaani mwezi, siku, saa na dakika za UTC, mwaka, halafu sekunde.

Mwaka una mtego wake. Kiendeshi (programu inayowasiliana na chipu) cha DS1307 katika U-Boot huchukulia tarakimu kuanzia 70 kuwa za miaka ya 1900, ilhali kile cha Linux huzihesabu zote kuwa za miaka ya 2000, hivyo tarehe ya mwaka 1980 iliyowekwa kwenye U-Boot husomwa na Linux kuwa ya 2080. Anayeandika kiendeshi chake mwenyewe akumbuke pia kwamba Linux huhesabu miezi kutoka 0 hadi 11 na miaka kuanzia 1900, wakati U-Boot hutumia miezi 1 hadi 12 na mwaka kamili.

Jaribio la mwisho lifanyike bila mtandao, kwa sababu NTP (itifaki ya kulinganisha saa kupitia mtandao) husahihisha saa ya mfumo kimyakimya na kuficha kosa la chipu. Chomoa umeme kwa dakika kumi hivi, washa, soma `date` ndani ya U-Boot, kisha linganisha na `cat /sys/class/rtc/rtc0/time` mara Linux inapowaka. Zisipopishana ila kwa muda wa kuwaka tu, betri na viendeshi vyote viwili viko sawa.