Hesabu za mwendo na umeme: anza na kisichobadilika

Wanafunzi wengi ninaowafundisha hapa Kisumu wakiona swali la fizikia hukimbilia fomula. Naomba fomula isubiri. Andika ulichopewa pamoja na vipimo vyake, kisha jiulize: katika kisa hiki, ni kitu gani hakibadiliki?

Tuanze na mwendo. Matatu inatoka Ahero kuja Kisumu kwa kilomita 72 kwa saa. Dereva anakanyaga breki, kasi inapungua sawasawa, na gari linasimama baada ya sekunde 4. Limekwenda umbali gani tangu breki zishike?

1. Geuza vipimo. Muda uko kwa sekunde, kwa hiyo gawanya 72 kwa 3.6 upate 20 m/s.

2. Neno "sawasawa" linakuambia kwamba mchapuko, yaani kiasi ambacho kasi hubadilika kila sekunde, haubadiliki: (0 − 20) ÷ 4 = −5 m/s².

3. Kasi ikipungua sawasawa, wastani wake uko katikati ya 20 na 0, yaani 10 m/s. Umbali ni 10 × 4 = mita 40.

Sasa chukua gari lilelile na breki zilezile, ila kasi iwe kilomita 36 kwa saa. Wengi huandika mita 20. Lakini mchapuko ni uleule, −5. Kutoka 10 m/s gari husimama kwa sekunde 2, wastani ni 5 m/s, umbali ni mita 10. Ni robo, si nusu! Kila anayepanda matatu anastahili kuijua hesabu hii.

Umeme nao ni hivyohivyo. Birika limeandikwa 240 V, 2400 W. Jioni stima inafifia, volteji inashuka hadi 200. Mkondo ni kiasi gani?

Ukigawanya 2400 kwa 200 utapata ampea 12, na utakosa. Wati 2400 hupatikana kwa volti 240 pekee. Kisichobadilika ni ukinzani wa birika, yaani jinsi waya wake unavyozuia mkondo. Kwa volti 240 mkondo ni 2400 ÷ 240 = ampea 10, hivyo ukinzani ni 240 ÷ 10 = omu 24. Kwa volti 200, mkondo ni 200 ÷ 24, takriban ampea 8.3. Wati zimeshuka hadi 1667 hivi, ndiyo maana chai inachelewa.

Maswali ya wanachama

*Kidato cha Tatu, Kakamega:* Mwalimu, nikiiacha ile alama ya kutoa nitakosa?

Ukiulizwa mchapuko, iandike. Inaonyesha kasi inapungua. Ukisema "upungufu wa kasi", 5 m/s² inatosha.

*Mzazi, Nakuru:* Ukinzani haubadiliki kweli hata waya ukipata moto?

Swali zuri sana, mzazi mwenzangu. Hubadilika. Kwa waya wa birika ni kidogo, tunaweza kuupuuza. Kwa balbu ya zamani ya waya mwembamba ukinzani huwa mkubwa mara kadhaa ikiwaka kuliko ikiwa baridi, kwa hiyo usiitumie njia hii hapo.

*Kidato cha Pili, Kisumu:* Na dereva akichelewa nusu sekunde kabla ya kukanyaga breki?

Gawa safari mara mbili. Katika nusu sekunde hiyo kisichobadilika ni kasi: 20 × 0.5 = mita 10. Baada ya hapo ni mchapuko: mita 40. Jumla mita 50. Sasa rudia kwa kilomita 36 kwa saa, uniletee jibu. Si robo tena, na nataka ueleze kwa nini.