Nionyeshe Dakika: Namna ya Kusikiliza Albamu ya Roki ya Majaribio

Mtu akikuambia albamu fulani ni kali, au haina maana, mwombe akuonyeshe dakika. Ni katika wimbo gani, mahali gani hasa, ndipo alipoanza kuona hivyo? Asipoweza kupataja, basi ana hisia tu, na hisia si haba, lakini bado hajasikiliza kwa makini. Ninataka ufike pale ambapo wewe mwenyewe utaitaja dakika hiyo bila kubabaika. Nazungumzia roki mbadala na ile ya majaribio, yaani muziki wa magitaa unaokiuka kanuni za kawaida, kwa sababu huo ndio muziki ambao watu huniambia hawajui waushike wapi. Mimi ni fundi wa mitambo ya sauti hapa Nairobi, Jumamosi harusini, Jumapili kanisani. Kazi yangu ni kutenganisha sauti zilizorundikana, na ustadi huo unaweza kuupata hata kama hujawahi kugusa mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti.

Vifaa nitavimaliza upesi. Tafuta hedifoni za waya zinazofunika masikio. Luthuli Avenue zipo za kila bei, ila kabla ya kulipa zijaribu kwa wimbo ambao unaujua hadi pumzi za mwimbaji. Zima kitufe cha kuongeza besi. Zima pia kile cha kuchanganya mpangilio wa nyimbo. Pakua albamu nzima kabla, bando lisije likakwisha katikati. Na usisikilizie ndani ya matatu. Injini hufunika besi, na mara nyingi muziki huu umesimama juu ya besi. Kwangu mtaani Umoja, saa nzuri ni alfajiri kabla makanga hawajaanza kuita abiria.

Kiwango cha sauti kinahitaji uangalifu zaidi. Kipime kwa sehemu yenye kishindo kuliko zote, usikipime kwa mwanzo. Chukua Spirit of Eden ya Talk Talk, bendi ya Uingereza, ya mwaka 1988. Inaanza taratibu mno, tarumbeta ikiita kwa mbali, na mkono wako utataka kupandisha sauti. Usipandishe. Nenda kwanza kwenye wimbo wa tatu, Desire, utafute pale unapolipuka, weka sauti katika kiwango ambacho masikio yanastahimili, kisha rudi mwanzo wala usiguse tena. Sasa ule utulivu wa mwanzo utakulazimisha usogee, na ndivyo ulivyokusudiwa. Wapigaji wengi walialikwa studio, wakapiga walichobuni papo hapo, halafu sehemu kubwa ikafutwa vikabaki vipande vilivyochaguliwa. Ukijua hivyo utaelewa kwa nini kila ala inaingia kana kwamba imeombewa ruhusa.

Mara ya kwanza sikiliza albamu nzima kwa mpangilio wake, mikono ikiwa mitupu. Usisome mashairi wala maoni ya watu. Mpangilio ni sehemu ya kazi yenyewe. Kid A ya Radiohead, bendi ya Uingereza, iliyotoka Oktoba 2000, ina wimbo wa tano uitwao Treefingers: dakika tatu na ushee, hauna maneno, hauna mdundo. Ukikutana nao peke yake utasema ni kijazio. Lakini mbele yake kuna How to Disappear Completely, wimbo mzito unaofura hadi mwisho, na nyuma yake Optimistic, wenye ngoma na magitaa. Ukiuondoa, nyimbo hizo mbili zinagongana. Mimi nauhesabu kuwa moja ya maamuzi bora ya albamu ile, na dakika yangu ni ile ngoma ya Optimistic inapoingia, sikio likiwa limepumzika.

Mara ya pili ndipo kazi inapoanza. Fuata ala moja tu, wimbo mzima, ukiziacha nyingine zipite. Anza na besi. Hapa msikilizaji wa Kenya ana mtaji ambao wengi hawautambui. Kama umelelewa kwenye benga, muziki wetu wa magitaa, kama nyumbani kulipigwa Shirati Jazz ya D. O. Misiani, sikio lako tayari linajua kuzifuata gitaa mbili zinazojibizana huku besi ikisema neno lake pembeni. Gitaa la solo la benga limeiga nyuzi za nyatiti, ala ya jadi ya Waluo. Linazunguka, linarudi, na katika kila mzunguko kuna kitu kidogo kimebadilika. Utamu uko kwenye badiliko hilo.

Lipeleke sikio hilohilo kwenye Remain in Light ya Talking Heads, bendi ya New York, ya mwaka 1980, iliyotayarishwa na Brian Eno. Walikuwa wamezama katika muziki wa Fela Kuti wa Nigeria, na walijenga nyimbo kwa vipande vifupi vinavyojirudia, kodi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, zikikaa palepale, huku ala zikiwashwa na kuzimwa kwenye mikisa. Sikiliza The Great Curve. Usingoje kibwagizo kikuokoe. Hesabu sauti za waimbaji: moja inaingia, ya pili inaikalia juu, ya tatu inapita katikati yao. Kila sauti mpya inapoingia, andika dakika. Halafu jiulize swali gumu zaidi: walichukua nini kwa Fela, na waliacha nini? Fela angekuacha na wapuliza saksofoni kwa muda mrefu kabla hajafungua kinywa. Hawa wameubana mzunguko huohuo katika dakika chache, na shingo ya wimbo inakazika kwa wasiwasi ambao Fela hana. Kwa maoni yangu ukopaji huo umezaa kitu kipya, na ushahidi wangu ni solo ya gitaa ya Adrian Belew katika Born Under Punches, inayolia kama mashine iliyoshikwa na homa.

Ukishajua kilichopo, tafuta kilichoondolewa. Radiohead walijulikana kwa magitaa, lakini Kid A inafunguliwa kwa kinanda cha umeme na sauti ya mwimbaji wao, Thom Yorke, iliyokatwakatwa. Hesabu mapigo ya wimbo huo wa kwanza: yanakwenda kumikumi, ndiyo maana mguu wako haupati pa kutua. Mwimbaji anapofanywa kuwa ala kama ala nyingine, usimkamate kwa maneno. Mkamate kwa mahali alipowekwa, mbele au nyuma, kushoto au kulia. Katika The National Anthem, wimbo mwingine wa albamu hiyo, fuata besi isiyobadilika hadi wapuliza tarumbeta na saksofoni waingie wakivurugana. Tafuta mwenyewe dakika wanapoingia, na utazame kama besi inatetereka.

Kelele nazo zina njia yake. Mpwa wangu aliposikia Duma alisema, “Mjomba, hii ni fujo tu.” Duma ni bendi iliyoanzishwa na vijana wawili wa hapahapa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, albamu yao yenye jina hilohilo ilitolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes, kampuni ya muziki ya Kampala. Nilimwambia apunguze sauti hadi karibu na kunong’ona. Kelele ikiwa chini, tabaka zake huachana. Mashine ya ngoma inakimbia kuliko unavyoweza kuhesabu, kwa hiyo usiihesabu. Tafuta kinachokwenda polepole chini yake, ule mvumo mrefu, kisha sikiliza mayowe yanaegemea upande upi. Kelele nzuri hubadilika uzito. Ukikuta wimbo ambao uzito wake haubadiliki tangu mwanzo hadi mwisho, hapo una haki ya kuulaumu, na utakuwa na la kuonyesha.

Andika kwenye daftari, si kwenye simu, kwa sababu simu itakuita. Kwanza dakika, kisha kilichotokea, na hukumu iwe ya mwisho kabisa. “2:10, ngoma zimenyamaza, besi imebaki” ni bora kuliko “inasisimua”. Pima albamu kwa ahadi yake yenyewe. Remain in Light inaahidi mizunguko inayoshonana, na wimbo wake wa mwisho, The Overload, unaitupa ahadi hiyo: mdundo unaburuta, tabaka zimetoweka, na sioni kilichowekwa mahali pake. Naipenda albamu hiyo sana na bado nasema inaishia vibaya. Kuna pia albamu ambazo sizipendi lakini nakiri zimetimiza zilichokusudia. Yaweke mambo hayo mawili kwenye kurasa tofauti.

Baada ya hapo ndipo usome kuhusu bendi, studio na mwaka. Kisha mwalike mtu aliyeisikiliza albamu hiyohiyo, aje na daftari lake. Mkitofautiana, chezeni kipande kinachobishaniwa peke yake, kila mmoja ataje anachokisikia kabla ya kusema anachokiona. Kama bado hamkubaliani, badilishaneni hedifoni mrudie kipande hicho.