Hakimiliki darasani: mwalimu anaweza kunakili kiasi gani?

Ndugu walimu wenzangu,

Miaka kadhaa iliyopita niliandaa vitini vya kidato cha tatu kwa kunakili sura tatu nzima za kitabu cha kiada, nikavipeleka stesheneri, na kila mwanafunzi akachangia gharama za karatasi. Niliamini kwa dhati kwamba jambo likishakuwa la elimu, sheria haina neno. Nilikosea, na kwa kuwa imani hiyo ningali naisikia katika ofisi za walimu, naomba tuipitie pamoja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayotumika Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003.

Hatua ya kwanza: Jua kama kazi inalindwa

Ulinzi huanza pale kazi inapotungwa. Hausubiri usajili COSOTA, yaani ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, wala alama yoyote kwenye jalada. Kinacholindwa ni namna mtunzi alivyolieleza jambo, si wazo lenyewe. Kwa hiyo kanuni ya Pythagoras ni ya kila mtu, lakini maelezo na mifano ambayo mwandishi ameitunga ili kuifafanua ni mali yake. Matini za sheria, hukumu za mahakama na habari za siku hazilindwi.

Ulinzi hudumu katika maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, hivyo kwa sheria yetu kazi zake zilitoka katika ulinzi mwishoni mwa mwaka 2012, na mwalimu anaweza kunakili shairi lake zima bila hofu. Aangalie tu kwamba dibaji, michoro na maelezo yaliyoongezwa na wahariri wa matoleo mapya vina haki zake vyenyewe.

Hatua ya pili: Soma leseni

Baadhi ya watunzi wametoa ruhusa tangu mwanzo kwa leseni za Creative Commons. Makala za Wikipedia ya Kiswahili, kwa mfano, zinaweza kunakiliwa hata kwa darasa la watu mia, mradi utaje chanzo na, ukizibadilisha, utoe toleo lako kwa leseni ileile.

Hatua ya tatu: Pima kiasi na athari

Hapa ndipo wengi tunapojikwaa. Sheria yetu inaruhusu kunukuu, na inaruhusu pia kutumia kazi ya mtu kama kielelezo katika machapisho, vipindi vya redio au televisheni na rekodi za kufundishia, lakini kwa kiasi kinachohitajiwa na lengo hilo tu, kwa namna inayoafikiana na desturi ya haki. Maneno haya yanafuata Mkataba wa Berne, ule mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, na ndani yake hamna asilimia. Ile “asilimia kumi” inayotajwa sana vyuoni haimo katika sheria yetu.

Wamarekani wana kifungu cha 107 cha sheria yao ya mwaka 1976, kinachoitaka mahakama ipime lengo la matumizi, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa na athari kwa soko la kazi hiyo. Kifungu hicho hakimlindi mwalimu wa Dodoma. Hata hivyo, swali lake la mwisho ninalipenda, kwa sababu ndilo linalofichua ukweli upesi: je, nakala yangu inamwondolea mwanafunzi haja ya kununua au kuazima kitabu? Beti mbili zilizochambuliwa ubaoni hazimwondolei. Zile sura zangu tatu zilimwondolea, na mwandishi wa kiada anayeuza shuleni hana soko jingine la kukimbilia. Kutokuuza kwa faida ni hoja nzuri, lakini peke yake haitoshi.

Hatua ya nne: Taja mtunzi na chanzo

Andika jina la mtunzi, kitabu na ukurasa chini ya kila dondoo. Ni sharti la sheria, na mwanafunzi hujifunza kwa kutuona tukifanya.

Hatua ya tano: Omba ruhusa

Ukihitaji zaidi, mwandikie mchapishaji ukitaja kurasa, idadi ya nakala, darasa na muda. Barua yenye maelezo hayo ni rahisi kujibiwa.

Maswali ya wanachama

Swali: Ninafundisha Mombasa. Je, haya yananihusu?

Jibu: Msingi ni uleule, lakini wewe unaongozwa na sheria ya Kenya ya mwaka 2001, inayosimamiwa na KECOBO, yaani bodi ya hakimiliki ya Kenya. Sheria hiyo inaruhusu mkusanyo wa maandishi kwa ajili ya shule au chuo kikuu kuwa na vifungu vifupi visivyozidi viwili kutoka kazi moja, pamoja na kutaja chanzo.

Swali: Nina mwanafunzi asiyeona. Naweza kukigeuza kitabu kizima kuwa nukta nundu?

Jibu: Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 ulitungwa kwa ajili ya mwanafunzi huyo, na Tanzania na Kenya zote ni wanachama. Hapa kitabu kizima kinaruhusiwa, kwa sababu nusu ya kitabu haimfai kitu. Nakala ibaki kwa wenye ulemavu wa kusoma tu.

Swali: Mwalimu, kitabu tunachokihitaji hakipatikani madukani. Kuna ubaya gani kuweka PDF yake katika kikundi cha WhatsApp cha darasa?

Jibu: Kukosekana dukani hakuifuti haki ya mtunzi, na faili ikishaingia katika simu arobaini hutaweza tena kuirudisha. Muulize kwanza mchapishaji, maana huenda ana nakala ghalani au akakubali kuwauzia faili kwa bei nafuu. Wakati mnasubiri, nakala ya maktaba iazimwe kwa zamu, na katika kikundi uweke muhtasari ulioandika kwa maneno yako mwenyewe, pamoja na maswali ya mjadala.